Sindano ya Pili

Kondoo yule tulimchinja mapema mno. Leo nacheka nikisema, lakini Jumapili ile hakuna aliyecheka ila kwa furaha. Baba mkwe wangu alisimama kanisani, pale juu ya Karatu ambapo ukungu wa msitu wa Ngorongoro huingia mpaka madirishani, akavua kofia yake, akawaambia watu: "Wamenichoma sindano wakitafuta ugonjwa mbaya. Hawakuuona. Mungu ashukuriwe." Vigelegele vikapigwa. Mama mkwe akaenda mbele na maharage kwenye ungo, na kule nyumbani kondoo dume aliyenona alikuwa ameshafungwa kamba kwenye nguzo ya zizi. Tulikula mpaka jirani ambaye hatusalimiani naye akaja na bakuli lake, na tukampa.

Ilikuwa miaka ya themanini inaelekea mwisho. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa nimeolewa na mtoto wa pekee wa kiume wa yule mzee. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka mahindi kwa wafugaji wa Malambo na Piyaya, kwa hiyo wiki nyingi nyumbani tulibaki watu wazima watatu: mimi, mama mkwe na baba mkwe. Na mimi, wanaonijua watakwambia, si mtu wa kunyamaza. Mama yangu mzazi alikuwa akisema kwamba siku nitakayokosa neno la kusema, watu wakimbilie milimani.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa siri, kama magonjwa ya wanaume yanavyoanza. Mzee alikuwa akitoka nje kukojoa, anakaa huko mpaka ugali unapoa, akirudi anatoka tena. Mama mkwe, badala ya kumhurumia, akamkasirikia. Alikuwa na hakika kwamba ameuokota ugonjwa huo mnadani, kwa wanawake wanaouza pombe. "Sema uliupata kwa nani!" Mzee anatazama moto. Akanywa mizizi ya kwanza, akanywa ya pili, mpaka asubuhi moja mkojo ukagoma kabisa, tumbo likavimba, na mzee wa watu akawa anatoka jasho kwenye baridi ile ya Juni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tulimpakia kwenye gari la mwenye duka mmoja wa pale mjini, Mungu amrehemu mwenye duka huyo, alifunga duka lake siku ya mnada ili atupeleke hospitali, na wala hakutaka kusikia habari ya mafuta.

Hospitalini Karatu wakamwekea mpira wa mkojo. Nilimsikia mzee kutoka nje ya mlango akishusha pumzi ndefu, na mama mkwe akaanza kulia kwa sababu aliambiwa kuwa si ugonjwa wa zinaa. Ilikuwa ni tezi dume, ile tezi inayokaa chini ya kibofu cha mwanaume na kuuzunguka mrija wa mkojo. Imevimba, imeubana mrija. Bahati ilikuwa kwamba siku zile daktari bingwa kutoka hospitali ya rufaa alikuwa akija Karatu mara moja moja kuona wagonjwa. Akampima mzee kwa kidole, kwa njia ya nyuma, akasema kuna mahali pamekuwa pagumu, hapapendi. Inatakiwa kuchukua kinyama kidogo kwa sindano kikaangaliwe kama kina saratani.

Basi mume wangu akampeleka baba yake kule chini, kwenye hospitali hiyo ya rufaa, safari ya basi ya kutwa nzima. Sindano ikapigwa, nyama ikaangaliwa, jibu likatoka: hakuna saratani. Ndipo mzee akarudi, mpira umeshatolewa, mwepesi kama kijana, na ndipo kondoo akafa.

Sasa kabla sijaendelea, nieleze kidogo mambo ya kwetu, maana bila hayo hamtaelewa taabu niliyoipata. Kwa watu wa rika la baba mkwe wangu, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Salamu utatoa, umeinamisha kichwa. Mambo ya shamba utasema kwa mbali. Lakini habari za mwili, weee! Hizo zilipitia kwa mama mkwe. Mimi nasema na mama, mama anasema na baba, hata kama baba amekaa hapo hapo kwenye kigoda chake na masikio yake ni mazima. Na yeye akitaka kunijibu, anamwambia mkewe: "Mwambie Mwalimu chai ilikuwa nzuri." Mimi niko hatua mbili kutoka hapo, nimeshika birika.

Kiswahili cha mzee nacho kilikuwa cha mnadani. Alijua salamu, alijua kubishana bei, alijua majina ya magonjwa ya ng'ombe. Zaidi ya hapo alikuwa mtu wa Kiiraqw tu.

Daktari yule akaja tena Karatu baada ya mavuno. Tulimpeleka mzee aangaliwe maendeleo yake, sote tukiwa tumevaa vizuri kama watu wanaokwenda kuiaga hospitali. Mimi nikasimama mlangoni nimegeukia nje. Daktari anasema kwa Kiswahili, mimi nageuza kwa Kiiraqw kumwambia mama, mama anamwambia baba. Safari ya neno ilikuwa ndefu lakini lilifika. Daktari akampima, akanawa mikono. Halafu akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia mtu msomi akilisema kabla ya siku ile.

"Mwalimu, mimi jibu langu la kwanza silioni kuwa linanitosha."

Nikamwuliza ana maana gani, si alisema hakuna kitu?

Akaeleza polepole. Sindano ile ya kwanza aliipiga kwa kuongozwa na kidole. Kidole kinapapasa, kikigusa pagumu, sindano inafuata. Ndivyo madaktari wote walivyokuwa wakifanya. "Lakini kidole hakina macho," akasema. "Ni kama kuchimba viazi gizani. Unaweza ukachomeka jembe pembeni ya kiazi ukasema hakuna viazi." Sasa hospitali ya rufaa ilikuwa imepata kipimo kipya cha picha, kinachotumia mawimbi ya sauti, na kina mkono mwembamba unaoingizwa kwa njia ile ile ya nyuma. Tezi inaonekana kwenye kioo, na sindano inaonekana ikiingia. Alitaka mzee arudi, achomwe tena, safari hii macho yakiwa yanaona.

Nilimpa mama maneno hayo, mama akampa baba. Mzee akavaa koti lake, akashika fimbo yake, akatoka. Hakusema hata kwaheri, mtu ambaye hata mbwa humuaga.

Nyumbani ndipo tulipojua kilichomkuta. Si maumivu ya sindano. Si aibu, ingawa aibu ilikuwepo. Ilikuwa ni kondoo. "Nimesimama mbele za watu nikamshukuru Mungu," alimwambia mkewe, mimi nikiwa napepeta maharage kwenye baraza. "Watu wamekula, wamefuta midomo. Sasa nirudi nikamwulize Mungu kama kweli aliniponya? Nimnyang'anye shukrani yangu? Ningekuwa mimi ndiye Mungu ningekasirika." Na pale kijijini hakuwa peke yake. Wazee wenzake wawili watatu walipita jioni ile wakasema hivyo hivyo: shukrani ikishaliwa hairudishwi. Atakayeirudisha anaita ugonjwa kwa jina lake.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa nikiwa nachemka. Darasani watoto waliniona, wakawa wapole ajabu. Nilikuwa nampenda mzee yule, niseme tu wazi. Nilipoolewa nilikuwa binti mwenye mdomo, na ndugu wengine wa ukoo walisema nitarudishwa kwetu kabla ya mvua za masika. Yeye ndiye aliyemtuma mkewe aje aniambie kwamba nyumba isiyo na mtu wa kusema huingiwa na nyoka. Na sasa nilikuwa namwona anakwenda kufa kwa ajili ya kondoo aliyekwisha kuliwa. Ebo!

Jioni moja nikashindwa. Tulikuwa watatu jikoni, moto unawaka vizuri. Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ambayo hata ng'ombe zizini walisikia:

"Mama, mwambie baba hivi. Mvua za kwanza zikinyesha, tunamshukuru Mungu au hatumshukuru?"

Mama akageuka: "Anauliza mvua zikinyesha tunashukuru?"

"Mwambie tunashukuru," mzee akasema.

"Mama, mwulize baba: tukishashukuru, tunalala? Hatupalilii? Hatutazami kama funza wameingia kwenye mahindi? Na tukiwaona funza, tunasema tusiwatoe, tumeshashukuru, Mungu atakasirika? Kuuliza si ujinga, mama. Mwambie baba kuuliza si ujinga hata ukimwuliza Mungu."

Mama mkwe alikuwa na tabia yake. Maneno yakipita mikononi mwake lazima atie chumvi. Akamgeukia mumewe akasema, "Mwalimu anasema funza watakumaliza. Na mimi naongeza la kwangu: ukifa kwa ubishi huu nitakuzika na lile shuka lako lililotoboka, halafu nitachinja kondoo mwingine, nile peke yangu."

Loo! Nilishika mdomo. Mzee akamtazama mkewe, akatazama moto, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mama mkwe akacheka huku anafuta machozi kwa khanga, na machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko tu. Mzee alipotulia akasema: "Mwambie Mwalimu nitakwenda. Lakini wewe ndiye utakayenipeleka, wewe mwenye mdomo."

Alimaanisha mkewe. Ila mambo hayakwenda hivyo. Wiki ya safari mguu wa mama mkwe ulivimba hata kiatu hakikuingia. Mume wangu naye lori lake lilikuwa limezama kwenye tope huko mbele ya Malambo; mtu aliyetoka minadani alimwona ameketi juu ya magunia anakunywa maziwa na Wamasai, hana habari. Kuna mpwa wa mzee aliyejitolea kwenda naye. Mzee akakataa katakata. "Huyo akijua, ukoo mzima utaujua mkojo wangu kabla basi halijafika Mto wa Mbu." Wa kwenda akabaki mmoja tu. Mimi.

Nilimwuliza mama, "Sasa nitasemaje naye huko? Wewe haupo!"

Mama akafikiri. Akasema zamani, mke wa mtoto akikutwa peke yake na baba mkwe na kuna jambo lazima lisemwe, aliliambia kitu. Jiwe, mti, mbwa, chochote kilichopo. Mkwe akisikia, amesikia kwa bahati. "Tafuta kitu cha kuambia," akasema. "Hospitali haikosi vitu."

Na kweli haikukosa. Kulikuwa na dirisha.

Daktari alitupokea vizuri, akamlaza mzee kwenye kitanda kirefu, akavuta pazia la kijani katikati yetu, akaanza maswali. Anaamka mara nyingi kukojoa? Mkojo unakatikakatika? Mgongo unauma? Mimi nikaligeukia dirisha, nikaliambia kwa Kiiraqw: "Wewe dirisha, daktari anauliza kama kuna mtu humu mkojo wake unakatikakatika." Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti: "Wewe chuma cha kitanda, mwambie dirisha kwamba unakatika, lakini si kama zamani." Nikamgeuzia daktari kwa Kiswahili.

Daktari akanitazama. "Mwalimu, unaongea na nani?"

"Na dirisha."

"Na yeye?"

"Na kitanda."

Nikamweleza huyu ni mkwe wangu. Jamani, yule bwana alicheka, lakini alicheka kama mtu wa nyumbani. Akasema kwao ni zaidi: mkwe akija njiani unaingia porini mpaka apite. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Tangu dakika ile, kila alipokuwa na swali, alilisogelea dirisha pamoja na mimi, akaliuliza dirisha kwa heshima zote. Muuguzi aliyeingia na sinia la vifaa alitukuta watu wazima wawili tunahojiana na kioo, akaweka sinia akatoka haraka.

Kisha kazi ikaanza. Mzee aligeuzwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Daktari akaliambia dirisha kwamba ataona baridi, kisha atasikia kama anataka kwenda chooni, asiogope. Mimi nilikuwa upande wangu wa pazia, lakini mashine ilikuwa kubwa, na kioo chake kilikuwa kimeelekea kwangu. Kwa hiyo niliona. Mila yetu ilikuwa imekataza mengi kati ya mkwe na mkwe, lakini picha ya ndani ya tumbo hakuna mzee aliyewahi kuifikiria ili aikataze, na mimi sikugeuza macho.

Mwanzoni nilidhani mashine imeharibika. Ilikuwa ni ukungu tu, mweusi na mweupe, unatembea. Daktari akasogeza mkono wake kidogo na ukungu ukatulia, ukawa umbo, la mviringo kidogo, kubwa kuliko nilivyofikiri. "Hiyo ndiyo tezi yenyewe," akasema. Akawa anaisoma polepole kutoka juu kwenda chini, upande kwa upande. Akafika mahali akasimama. Pembeni, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi, dogo, ambalo halikufanana na majirani zake.

"Unaliona?" akaniuliza. "Sindano yangu ya kwanza ilipita hapa." Akaonyesha kwa kalamu, pembeni kabisa ya doa. "Nililikosa kwa upana wa punje ya mahindi."

Hakujitetea. Akachukua kifaa chenye sindano ndefu nyembamba, akaipitisha, na kwenye kioo nikaona mstari mweupe ukiingia katikati ya ukungu, unakwenda, unakwenda, mpaka ukafika mlangoni kwa lile doa. "Liambie dirisha atasikia mlio, asishtuke." Nikaliambia. Kikalia: ta! Mstari mweupe ukaruka ukaingia ndani ya weusi, ukatoka. Nyuma ya pazia mzee akaguta, kisha kwa sauti ya mtu anayetaka haki yake akasema, "Chuma cha kitanda, niulizie. Huyu daktari nimemkosea nini?"

Akachomwa tena, na tena, doa lenyewe na sehemu nyingine za tezi, na kila kinyama kilichotoka kilikuwa kama uzi, kikawekwa kwenye chupa yake. Kila mlio mzee alikuwa na neno la kukiambia kitanda. La mwisho lilikuwa kwamba kama Mungu amekasirika basi amemtuma mtu hodari.

Tukaambiwa tusubiri majibu mjini, kwa sababu mkojo ungetoka na damu kidogo na daktari alitaka kumwona. Tulikaa kwa familia moja ya kanisa letu iliyohamia huko. Nilikuwa nimeogopa siku hizo, na zikawa siku nzuri, ninazikumbuka kwa shukrani. Asubuhi mzee anakaa uani juani, mimi napika. Anasema na sufuria, nami najibu mwiko. Aliiambia sufuria jinsi msitu ulivyokuwa ukishuka hadi mashambani alipokuwa kijana, na nyati walivyokuwa wakila maharage usiku, na jinsi alivyomposa mama mkwe akakataliwa na shangazi zake wote. Aliiambia pia kwamba mke wa mwanawe hupika ugali mgumu kama tofali. Nikauambia mwiko kwamba meno yaliyozeeka yasisingizie ugali. Miaka yote ile niliishi na mtu huyu na sikujua kuwa ni mcheshi.

Siku ya majibu tulikaa chumba kile kile, pazia likiwa limesogezwa pembeni kwa kuwa hakukuwa na cha kusitiri. Mzee ameketi kitandani na koti lake. Mimi niko dirishani. Daktari akaja, akakaa, na kwa uso wake nikajua.

"Mwalimu, lile doa ni saratani."

Nikaliambia dirisha. Nililiambia vizuri, sikutetemeka, maana nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo. Mzee akaitika, "Nimesikia."

Daktari akasema picha za mifupa alizopigwa mzee tukiwa tunasubiri ni safi, haijasambaa anavyoona yeye, na kwamba tumeikuta mapema kuliko wengi anaowaona, wanaoletwa wakiwa hawawezi kutembea. Nikaliambia dirisha. "Nimesikia."

Halafu daktari akasema habari ya dawa. Saratani hii, akasema, inalishwa na nguvu ya kiume. Ukiikatia chakula inasinyaa, na kwa vifaa tulivyonavyo, njia ya uhakika ni upasuaji mdogo. Akatafuta neno la adabu, asilipate, akalisema lilivyo: "Itabidi tuondoe mapumbu, yote mawili. Ni kuhasi."

Nikaligeukia dirisha.

Nje kulikuwa na mtu anafagia majani. Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Mimi, mwenye mdomo! Nikajaribu tena. Nitaliambiaje dirisha neno hilo, na mtu huyu, baba wa mume wangu, babu wa wanangu, amekaa nyuma yangu? Nani kwetu aliwahi kulisema? Nilishika chuma cha dirisha nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni, na machozi yananitoka, na daktari naye ameinamisha kichwa, anasubiri. Na bila mimi kulisema, mzee hatalijibu. Na asipolijibu, hapasuliwi. Na asipopasuliwa, anakufa. Nilijua hayo yote na bado sikuweza.

Nikasikia kitanda kinalia. Mzee alikuwa amesimama. Akaja mpaka dirishani, akasimama karibu yangu kuliko alivyowahi kusimama tangu nilipoingia nyumbani kwake, na hakukiambia kitu chochote. Aliniambia mimi.

"Mwanangu, niangalie."

Nikamwangalia.

"Usiliseme. Nimelisikia mwenyewe. Neno hilo la Kiswahili nalijua, ni la mnadani."

Baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa akihasi madume ya eneo lile lote. Watu walimfuata kutoka Rhotia, kutoka njia ya Mbulu, kila aliyetaka kumfunza dume kuvuta plau alimwita yeye kwanza.

"Nimehasi madume tangu sijaota ndevu," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyefia mikononi mwangu. Na shamba linalokulisha wewe na watoto wako halijawahi kulimwa na dume hata siku moja. Dume kazi yake kugombana. Shamba linalimwa na maksai. Mwambie daktari anoe kisu chake vizuri, basi."

Nikamwambia daktari, neno kwa neno, nalia kama mtoto. Daktari akavua miwani yake akaifuta, akaifuta tena.

Baba mkwe alilima kwa miaka mingi kuliko tulivyothubutu kuomba. Aliwaona wajukuu ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa, na alipokufa, alikufa kwa uzee, amelala kitandani kwake. Watu wa kwetu husema mimi ndiye niliyemponya kwa mdomo wangu, na mume wangu hupenda kuwasimulia wageni hivyo. Namshukuru daktari yule aliyelitilia shaka jibu lake mwenyewe wakati sisi tumeshakula nyama. Naishukuru mashine ile ya ukungu. Lakini nikipiga magoti ninamshukuru zaidi yule mzee, ambaye saa aliyoambiwa habari mbaya kuliko zote za maisha yake, aliinuka kitandani kuja kunitua mzigo mimi.